Namba Mbili wa Kiamutugi

Barua zilikuja mbili siku moja, kwa mkono wa mtu mmoja. Sanduku la posta lilikuwa la shule ya msingi, na watu wote wa upande wa Kiamutugi walilitumia kama choo cha kanisa, yaani la kila mtu na si la mtu. Salesio alizichukua akitoka kupiga plasta darasa la nne, akazileta nyumbani zikiwa na alama za vidole vyake vya saruji. Alisimama katikati ya boma, hatua kumi kutoka kwa mlango wa kaka yake Nyaga na hatua kumi kutoka kwa mlango wake mwenyewe, halafu kama mtu asiye na akili akaita majina yote mawili kwa pumzi moja.

"Mama Karimi! Muthoni! Kiwanda kimeandika!"

Mama Karimi ndiye Wawira, bibi ya Nyaga. Alitoka jikoni na kisu cha kumenya ndizi mkononi. Muthoni, bibi ya Salesio mwenyewe, alitoka nyuma ya nyumba na povu la sabuni mpaka kwa viwiko. Wote wawili waliomba kazi moja: karani wa kupima majani chai pale kituoni Kiamutugi. Ilikuwa kazi moja tu, kiti kimoja, koti moja la kijani lenye mfuko wa kalamu.

Bahasha ya Muthoni ilikuwa nene. Ya Wawira ilikuwa nyembamba, ukiiinua kwa jua unasoma mpaka sahihi. Mtu ambaye ameomba kazi mara kumi na moja hana haja ya kufungua bahasha, anaipima tu kwa kidole gumba na kujua. Lakini Wawira alifungua, kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia.

Tunasikitika, barua ilisema. Kiwanda kimoja kizima kilikuwa kinasikitika. Kati ya watu kumi na tisa waliofanya interviu, yeye alikuwa namba mbili. Aliyechaguliwa angekaa miezi mitatu ya majaribio, na kama angeshindwa, basi namba mbili angeitwa.

"Nimepata," Muthoni akasema polepole, kama mtu anayekiri kuiba kuku.

"Hongera," Wawira akasema.

Neno lilimtoka kwa shida kama jino. Akarudi jikoni akaendelea kumenya, na jinsi alivyomenya siku hiyo, ndizi iliyoingia kwa sufuria ilikuwa unene wa penseli.

Nyumba ya tatu kwa hilo boma ilikuwa ya mama mkwe wao, Mama Marcella. Mlango wake ulifunguka. "Ni nani amepata?" aliuliza. Akaambiwa. Akapiga vigelegele vitano, vile vya mtoto wa kiume, na Wawira akavihesabu vyote.

*

"Mtu wa Kiambere, Baba Karimi. Kiambere! Huko chai wanaijua kwa pakiti."

Nyaga alikuwa anakula. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi. "Wanasema alipita hesabu," akasema.

"Mimi hesabu sijui?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa kutafuna."

Nyaga akaacha kutafuna. Wawira akaendelea. Yeye alizaliwa ndani ya chai, mama yake alikuwa anamfunga mgongoni akichuna. Alikuwa anajua jani zuri gizani, kwa kupapasa tu: majani mawili machanga na chipukizi katikati, basi. Na alikuwa na cheti cha kupiga taipu kutoka Embu mjini, alikokaa kwa dada yake mtaa wa Majimbo mwaka mzima akilala kwa kochi. Muthoni je? Aliolewa juzi, mwaka ule baada ya mvua ya El Nino, akaja kutoka huko chini kwenye mbuzi na ndengu, akasimama mbele ya shamba la chai akauliza, mbele ya watu, hii miti midogo inazaa matunda gani. Leo ndiye wa kupimia watu!

"Na unajua kitu kinaniuma zaidi? Jogoo."

"Jogoo gani sasa?"

"Unajua jogoo gani."

Nyaga alijua. Kanisa zima lilijua. Jumapili tatu kabla ya barua, Wawira alisimama kanisani wakati wa shukrani na jogoo mwekundu chini ya kwapa. Akasema anamshukuru Mungu kwa kazi ya kiwanda. Haikuwa imekuja bado, lakini yeye kwa imani ameipokea. Watu wakapiga makofi. Baada ya ibada jogoo akapigwa mnada pale nje pamoja na mayai, miwa na mkungu wa ndizi, kama kawaida ya sadaka ya vitu. Mzee wa kanisa, Elphas, alimwinua kwa miguu akapaaza sauti: "Jogoo wa karani! Nani anataka jogoo wa karani?" Salesio ndiye aliyepandisha bei kuliko wote, akaondoka naye.

"Sasa niambie," Wawira akasema, "jogoo wangu wa shukrani aliliwa na nani?"

"Salesio."

"Na nani mwingine?"

"...Muthoni."

"Umeelewa sasa."

"Mama Karimi, Mungu hapeani kazi kwa mchuzi."

"Wewe umejuaje? Ulishapewa kazi na yeye?"

Nyaga akainama kwa sahani. Ni kweli, yeye mbao alikuwa anazitafuta mwenyewe.

Jumapili iliyofuata Elphas alimshika Wawira mkono mlangoni mwa kanisa akakataa kuuachilia. "Karani wetu! Umeanza lini? Usitupimie vibaya sasa!" Nyuma yake wanawake wa kwaya walikuwa wamenyamaza vile watu hunyamaza wakitaka kusikia. Wawira akasema kazi imeenda kwa mwingine. "Ah," Elphas akasema. Akauachilia mkono. "Ah. Lakini wewe ulishatoa jogoo." Wanawake wa kwaya wakaanza kutafuta vitabu vyao vya nyimbo ndani ya mikoba, wote kwa pamoja.

*

Kazi ya shamba haijui kama umekataliwa. Chai ikifika siku yake ya kuchunwa inachunwa, na ikichunwa inapelekwa kituoni. Kwa hivyo mara tatu kwa wiki Wawira alikuwa anabeba kikapu chake mgongoni, kamba kwa kipaji cha uso, anateremka mpaka Kiamutugi na kupanga foleni mbele ya Muthoni.

Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mbao na mabati, mizani ikining'inia katikati, na meza ndefu ya kumwagia majani. Hiyo meza ndiyo ilikuwa inaogopwa. Unamwaga majani yako juu yake mbele ya kila mtu, unachambua, unatoa yale makubwa magumu na vijiti, halafu karani anakuja, anaweka mkono katikati, anageuza, anaangalia. Akisema yanapita, unapimiwa. Akisema hayapiti, unayarudisha kwa kikapu watu wakikuona, unarudi nayo nyumbani ukawape mbuzi, na mbuzi wenyewe hawali.

"Habari ya leo, Mama Karimi," Muthoni alikuwa anasema kila mara. Kwa heshima. Bila kuringa hata kidogo. Afadhali angeringa.

"Nzuri," Wawira alikuwa anajibu, macho kwa lile koti. Lilimkaa vizuri. Lingemkaa yeye vizuri zaidi kwa mabega.

Miezi mitatu. Wawira aliihesabu kama mfungwa. Kila siku alisimama pale akitafuta kosa. Aliangalia kama Muthoni anachelewa kufungua, lakini wapi, alikuwa anafungua mapema. Aliangalia kama anasoma mizani vibaya. Alikuwa anaisoma mara mbili. Aliangalia kama anatukana wazee, lakini wazee walianza kumletea parachichi. Mwezi wa kwanza ulipoisha Muthoni akapokea mshahara, akamnunulia Mama Marcella sweta ya zambarau yenye vifungo, na kuanzia siku hiyo mama mkwe akawa hasemi tena "Muthoni". Akawa anasema "karani wangu".

"Karani wangu amekuja?"

"Mwekee karani wangu uji, amesimama mchana kutwa."

Miaka minane Wawira alikuwa amemchotea huyo mama maji. Miaka minane, na hakuna siku aliitwa kitu chochote "changu".

Kosa lilikuja mwezi wa pili, na halikuletwa na Muthoni. Lililetwa na ile sweta ya zambarau.

Mama Marcella alikuwa na shamba lake mwenyewe na namba yake mwenyewe ya kuuzia majani kiwandani, na hakuna mtu angemgusia hiyo namba. Chai hiyo aliipanda yeye na marehemu bwana yake. Lakini vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa baridi ya miaka, havishiki tena chipukizi. Kwa hivyo hakuwa anachuna, alikuwa anakwangua. Anashika tawi, anavuta, kinachokuja kinaingia kwa kikapu: jani zuri, jani kuukuu gumu kama karatasi ya saruji, kijiti, na siku moja hata kiota cha ndege. Karani wa zamani, mzee aliyestaafu, alikuwa anamrudisha bila huruma, na mama alikuwa anarudi nyumbani akimtukana mpaka babu yake. Sasa karani alikuwa mtoto wake.

Jumanne moja akamwaga majani yake kwa meza na kusimama kando, mikono kiunoni, akingoja kusifiwa.

Muthoni akaweka mkono. Akageuza. Wawira, aliyekuwa wa tatu kwa foleni, akaona shingo yake ikikakamaa. Mke ambaye hajamaliza miaka miwili kwa boma la watu, atamwambiaje mama wa bwana yake, mbele ya kijiji kizima, kwamba mavuno yako ni takataka? Hata kama ni wewe, msomaji, ungeangalia paa.

Muthoni aliangalia paa.

"Yanapita, Mama," akasema.

Foleni ikaguna. Jirani mmoja, Igoki, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, akasema, "Kumbe siku hizi tunapima mpaka ua wa kuzuia mbuzi! Bonasi ya mwaka ikianguka tusiulizane."

Wawira alisogeza kikapu chake hatua moja mbele. Lakini ndani ya kifua chake kitu kilisimama kikatandaza mabawa.

Jumanne ya pili, vilevile. Jumanne ya tatu, vilevile.

*

Msimamizi wa majani wa kiwanda alikuwa anaitwa Bwana Riungu, mtu wa Meru, na alikuwa anapita na pikipiki Ijumaa akielekea vituo vya juu. Wawira alimngojea kwa kona ya kisima akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Bwana Riungu, samahani. Mimi sitaji mtu."

"Sawa, usitaje."

"Nasema tu, kama ungekuwa na nafasi Jumanne, karibu saa nane, ungekuja Kiamutugi uangalie meza. Kuna majani yanapita pale... mimi sisemi ni ya nani. Na sisemi ni nani anapitisha."

"Wamenilalamikia kiwandani," Riungu akasema. "Magunia ya Kiamutugi siku hizi yana vijiti. Nilikuwa nafikiria ni wapi naanzia. Unaitwa nani, Mama?"

"Wawira. Wa Nyaga."

Riungu akatoa kitabu kidogo mfukoni, akapindua kurasa, akatulia kwa moja. Halafu akamwangalia, si kwa ubaya.

"Ah," akasema. "Ndio wewe namba mbili."

Akapiga pikipiki teke na kuondoka. Wawira akabaki pale na uso ukiwaka kama amepigwa kofi na mtu mpole. Akajiambia hakuna uongo aliosema. Akajiambia mara nne mpaka nyumbani.

*

Jumatatu jioni, jua likiwa bado kwa paa, Muthoni alikuja jikoni kwa Wawira akiwa na kibakuli cha ndengu zilizotoka kwao. Hakukaa kwa kiti. Alichuchumaa karibu na jiko akaanza kusaidia kuchambua mchele bila kuombwa.

"Mama Karimi, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ungekuwa ni wewe, ungemwambiaje Mama?"

"Kumwambia nini?"

"Unajua. Ile chai yake. Kila Jumanne nikimwona akija na kikapu, natamani kufunga kituo nikimbie. Salesio ananiambia nimkataze. Nimkataze nikiwa nani? Yeye mwenyewe amekataa kumwambia, anasema hizo ni kazi za ofisi. Sasa nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mkubwa, na chai unaijua. Ungesema maneno gani?"

Wawira alikuwa na hayo maneno. Alikuwa nayo tayari, amepanga, tangu Jumanne ya kwanza. Angemwita mama kando asubuhi, kabla ya kuchuna, amwambie mikono imechoka, wacha sisi tukuchunie, wewe ukae na namba yako. Lilikuwa jambo la dakika tano.

"Mimi si karani," akasema.

Muthoni akachambua mchele kidogo. "Ulikuwa uwe," akasema. "Siku ya interviu nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nikakusikia ukijibu. Walikuuliza jani likichunwa na umande unafanyaje, ukawajibu mpaka wakacheka kwa furaha. Nikasema basi, acha nirudi nikafue. Mimi waliniuliza hesabu tu. Ni vile walikuwa wanatafuta mtu wa hesabu siku hiyo. Ingekuwa siku nyingine ni wewe."

Kama kuna kitu kibaya kuliko kushindwa ni kuhurumiwa na aliyekushinda akiwa amechuchumaa kwa jiko lako. Wawira akachukua sinia kutoka mikononi mwake.

"Wacha, nitamaliza. Nenda umpikie bwana yako."

Muthoni akaenda. Zile ndengu zilipikwa, na Nyaga akasema ni tamu, na Wawira akasema kama ni tamu ahamie Kiambere.

Angeweza kuvuka hizo hatua ishirini za boma aseme, "Kesho Riungu anakuja." Alifika mpaka mlangoni. Akaona koti la kijani limeanikwa kwa kamba, safi, linacheza kwa upepo. Akarudi ndani.

*

Jumanne Wawira alikuwa na utamu wa ajabu. Alimngojea Mama Marcella kwa njia na kumpokea kikapu chake.

"Nikubebee, Mama."

"Wewe leo umeamkaje?"

"Vizuri tu."

Walifika kituoni saa nane kasoro. Foleni ilikuwa ya kawaida. Mama Marcella, amechoka na miteremko, akaenda kukaa kwa jiwe nje ya kibanda, mgongo kwa watu, akaanza kumsimulia mama mwingine habari za sweta. "Mama Karimi, nimwagie wewe," akasema. "Karani wangu ataona."

Wawira akamwaga. Majani yakatawanyika mezani, na siku hiyo yalikuwa yamejipita yenyewe: magumu, meusi, vijiti urefu wa kalamu. Igoki, kwa foleni, akasema "Uui." Muthoni akaweka mkono katikati na mkono ukabaki pale.

Pikipiki ikazimwa nje.

Bwana Riungu akaingia akivua glavu. Hakusalimu. Alikuja moja kwa moja kwa meza, akachukua kijiti kimoja akakiinua juu, akakigeuza kwa mwanga kama daktari na picha ya kifua.

"Haya ni ya nani?"

Watu kumi na wanne walijua jibu, na hata Igoki alikuwa amegundua kunong'ona. Nje, mama mkwe alikuwa anacheka kitu chake, hasikii. Muthoni alianza kuvuta vijiti kando kwa kidole, kimoja kimoja. Wawira alikuwa karibu naye kiasi cha kuona mshipa wa shingo ukipiga juu ya ile kola ya kijani.

"Nimeuliza. Ni ya nani?" Riungu akamgeukia Wawira, kwa sababu ni yeye alikuwa ameshika kikapu kitupu. Akapunguza sauti kidogo, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango. "Sema tu, Mama."

Ndiyo hii. Jina moja tu. Angesema "ni ya mama mkwe wa karani", si uongo, kila mtu ni shahidi. Kufika Ijumaa lile koti lingekuwa limebadilisha mabega. Wawira aliliona kabisa: yeye mezani, kalamu mfukoni, jina lake kwa orodha ya mshahara. Akaona na kilichofuata, bila kutaka. Jumanne ijayo, saa nane, yule mama amesimama mbele yake na kikapu, vidole vimejikunja, anangoja. Na Muthoni kwa foleni, nyuma, anaangalia.

"Ni yangu," Wawira akasema.

"Yako?"

"Yangu. Wawira wa Nyaga. Nilichuna haraka."

Riungu alimwangalia muda mrefu. Alikuwa mtu wa kazi hiyo miaka mingi, na alijua kutofautisha mtu anayedanganya ili apate na anayedanganya ili apoteze. Halafu akaweka kijiti chini, akamgeukia Muthoni.

"Karani. Unasemaje?"

Muthoni akamwangalia Wawira. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Wawira akainua kidevu kidogo: sema. Sema basi, unangoja nini, siwezi kukufanyia na hilo.

Muthoni akanyoosha mgongo.

"Hayapiti, Mama Karimi," akasema, na sauti ilikuwa tulivu, ya kusikika mpaka mlangoni, bila hasira na bila kuomba msamaha. "Haya ni majani makuukuu, na kuna vijiti. Yakienda hivi yataharibu gunia zima la wenzako. Tafadhali yarudishe kwa kikapu. Ukichuna tena, majani mawili na chipukizi. Ukiwa na shida ya kuchuna, uniambie mapema, tutatafuta njia."

"Namba mbili amerudishwa!" mtu akasema nyuma, na foleni ikaangua kicheko. Kicheko cha watu wanaojua ukweli kinauma vilevile. Wawira akaokota majani, ngumi kwa ngumi, akiyarudisha kwa kikapu, na mengine yakaanguka chini akapiga magoti kuyaokota, na koti la kijani likawa usawa wa macho yake.

Riungu alikuwa anaandika kwa kile kitabu kidogo. "Ripoti yako naipeleka leo, Karani," akasema. "Sioni sababu ya kungoja mwezi mwingine." Akapita karibu na Wawira akitoka. Mlangoni alisimama kidogo kumpisha apite kwanza, vile mwanaume wa ofisi humpisha mtu wa ofisi.

*

Mama Marcella alimfikia Wawira njiani, kikapu mgongoni, kimejaa.

"Kwani hawajapima?"

"Wamekataa."

"Yangu?"

"Nimesema ni yangu."

Mama mkwe akatembea hatua kadhaa akilitafuna hilo. Njia ilikuwa nyembamba, chai kila upande, na mtu wa mbele hawezi kuona uso wa mtu wa nyuma.

"Kwani yalikuwa mabaya?"

"Mabaya, Mama. Mabaya sana."

"Na ile Jumanne nyingine?"

"Zote."

Hapo mama akasimama. Wawira akasikia nyayo zimekoma, naye akasimama bila kugeuka.

"Karani wangu angeniambia," Mama Marcella akasema.

"Anakuogopa."

"Na wewe huniogopi?"

"Mimi sina kazi ya kupoteza."

Upepo ulipita juu ya chai. Mama mkwe alivuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kutukana, halafu akaiacha itoke hivyo hivyo. Aliinua mikono yake akaiangalia, upande huu na upande ule, kama vyombo alivyoazima kwa jirani.

"Utanichunia wewe?" akauliza.

"Nitakuchunia. Namba ibaki yako."

"Na mtu asijue."

"Kijiji kizima kinajua, Mama."

"Basi karani wangu asijue."

Bado ni karani wake. Wawira alihisi wivu ukimchoma palepale, mahali pake pa kawaida, hai kabisa, haujaenda popote. Alikuwa amefikiria labda ungeisha. Alikuwa amefikiria mtu akifanya jambo zuri anapata kupumzika. Kumbe unafanya jambo zuri na bado unabeba kikapu kizito kupanda mlima.

Na kilichomchoma zaidi hakikuwa koti, wala sweta, wala mshahara. Ilikuwa ile sauti. Yeye angepata ile kazi, siku ya kwanza ya kumkataa mtu angemkataa kama anamfukuza mbwa jikoni. Alijijua. Majani alikuwa anayajua kuliko Muthoni, lakini hilo la kumrudisha mtu na kikapu chake na bado amwachie uso wake, hilo hakuna siku alikuwa amejifunza, na mara kumi na moja alikuwa amefanyiwa vibaya. Mtoto wa Kiambere alilisema vizuri. Wacha aseme ukweli, alilisema vizuri sana.

"Hayapiti," Wawira akajaribu, chini ya pumzi, akipanda. Ilitoka kama tusi.

"Hayapiti, Mama." Ilitoka kama mtu anayeomba chumvi.

Akarekebisha kamba kwa kipaji. Alikuwa amesikia kuna hospitali ya misheni inatafuta mtu wa kukaa kwa dirisha la kupokea wagonjwa, na tangazo lilikuwa bado kwa duka. Ya kumi na mbili. Akasafisha koo.

"Tafadhali yarudishe kwa kikapu," akasema, polepole, kwa miti ya chai.

"Unaongea na nani?" Mama Marcella akauliza kutoka nyuma.

"Hakuna, Mama," Wawira akasema. "Niambie tu. Hiyo sauti ya sasa, imetoka vizuri?"